Emuron na Neno "Mchawi" katika Filamu za Kutisha

Filamu ya kutisha iliyojengwa juu ya imani za jadi haihitaji zimwi. Katika *The Wicker Man* (Uingereza, 1973), askari Mkristo anafika kisiwani kwa watu waabuduo miungu ya kale, na hofu yote yatokana na dini mbili, kila moja ikiiona nyenziwe kuwa upotovu.

Hadithi kama hiyo ikihamishiwa Kanamkemer, mjini Lodwar, mgongano utaanzia katika tafsiri. Waturkana humtenga emuron, mwaguzi asomaye ndoto, matumbo ya mbuzi, hata namna ndara ziangukavyo zikirushwa, na ekapilan, adhuruye watu kwa siri. Emuron hupata maono yake kwa Akuj, na Akuj ndilo jina ambalo Wakristo wa huko humwitia Mungu. Lokerio, aliyesifika katika karne ya 19, alikuwa emuron. Mfasiri akimwandika mzee wa namna hiyo "mchawi", amekwisha kumhukumu. Na hukumu hiyo si ya sanaa tu, kwani Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1925, ilifanya kujidai uchawi kuwa jinai.

"Mganga" nalo halitoshi, maana laelekea zaidi kwenye dawa. "Nabii" lanukia msahafu. Katika *Lorang's Way* (1979), David na Judith MacDougall waliwaacha Waturkana waseme Kiturkana, tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Hata tafsiri hiyo ya chini yaweza kuliacha neno emuron lilivyo, mtazamaji akangoja matendo ya mzee ndipo aamue kama amwogope.