Mabinti zetu wanasoma nini usiku?

Wiki mbili zilizopita mmoja wetu alikuja kwenye mkutano na telefone ya binti yake ndani ya mkoba. Aliikamata saa sita ya usiku, chini ya blanketi. Alifikiri atakuta kijana fulani anamwandikia mtoto. Alikuta hadithi ya Kifaransa, sura zaidi ya 40, na mtoto alikuwa amefika katikati. "Nimesoma sura tatu," alituambia. "Sasa nisaidieni, sijui kama nicheke ao nilie."

Ilikuwa hadithi ya msichana aliyefungiwa ndani ya nyumba na mwanaume mkali. Mwanaume anamtukana, anamtisha, anamkataza kutoka. Mwishoni wanapendana.

Tulinyamaza. Kati yetu kuna wanaojua mlango uliofungwa kwa inje, na hawakuujulia katika kitabu.

Tuliamua tusikate neno mbele ya kuuliza. Jumamosi iliyofuata tuliwaita mabinti wa sekondari kwenye lupango tunamokutania. Walikuja 11, pamoja na vijana wanaume watatu waliofuata harufu ya karanga. Tuliwaomba watufundishe, na kweli walitufundisha.

Kwanza, hadithi za maajabu. Harry Potter ya J. K. Rowling ilitoka mwaka wa 1997, mbele hata ya kuzaliwa kwao, na bado wanaisoma. Kisha hadithi za dunia iliyoharibika, kama Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka wa 2008, ambamo serikali inalazimisha watoto kuuana mbele ya televisheni. Tuliuliza wanapenda nini katika mambo ya kutisha namna hii. Binti mmoja alijibu bila kufikiri: "Yule msichana alijitoa aende pahali pa mdogo wake." Basi tulielewa. Dada wakubwa wa Katuba wanajua vizuri kubeba wadogo wao.

Vijana wanaume walituonyesha manga, vitabu vya picha vya Japani vinavyosomwa kutoka kuume kwenda kushoto. Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyoanza mwaka wa 1999 na kumalizika mwaka wa 2014, ni habari ya yatima anayedharauliwa na kijiji chake, na anayetafuta kuheshimiwa. Hatukuona ubaya ndani yake.

Halafu tulifika kwenye mapendo. Hapo sauti zilishuka.

Nyingi za hadithi hizi wanazipata kwenye Wattpad, iliyoanzishwa Canada mwaka wa 2006. Mtu yeyote anaweza kuandika, na mtu yeyote anaweza kusoma bila kununua kitabu, akiwa tu na mega. Mwandishi anatoa sura moja, anaikata pale moyo unapopiga sana, na wasomaji wanangoja ingine. Ndivyo Anna Todd wa Marekani alivyoandika After kuanzia mwaka wa 2013. Leo ni vitabu na filme. Ndivyo pia Sarah Rivens, mwanamke wa Algeria, alivyoandika Captive, iliyochapwa Ufaransa mwaka wa 2022 na kusomwa na wasichana wengi sana. Aina hii wanaiita "dark romance", maana yake mapendo ya giza: mwanaume wa hatari, msichana aliye chini ya nguvu zake, na mapendo yanayotoka katika woga. Vingi vya vitabu hivi viliandikiwa watu wazima. Lakini telefone haiulizi miaka.

Mbele ya kuwahukumu, tujikumbushe. Wengi wetu tulificha fotoromani ndani ya daftari la hesabu. Wengine walipitishana vile vitabu vidogo vya Adoras vya Abidjan, vilivyoanza kutoka mwaka wa 1998, mpaka kurasa zikaanguka. Mama zetu walisema vitatuharibu. Hakuna aliyetuuliza tulichokuwa tunatafuta ndani.

Sisi tuliuliza. Binti wa miaka 16 alituangalia, akasema: "Wamama, tunajua ni hadithi. Lakini mambo ya wanaume, ninyi mnatuambia tu 'angalia mimba.' Kitabu kinatuambia mengine." Neno hilo lilitupata. Kama kitabu ndicho kinachoongea peke yake, basi kitabu ndicho kitafundisha kwamba wivu ni mapendo, na kwamba mwanaume anayepiga atabadilika mtu akivumilia.

Tuliwajibu kwa ukweli. Mama mmoja aliwaelezea namna mume wa kwanza alivyoanza: kwanza kuuliza "uko wapi?" kila saa, kisha kuchagua nguo zake, kisha kumkataza kwenda kwa dada yake. Mabinti walitaja wenyewe sura ambamo waliyaona mambo hayo. Hakuna aliyecheka.

Tulikumbuka pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, ya mwaka wa 1971. Baba wa Rosa anampiga vibaya sana kwa sababu ya barua ya kijana. Fimbo ile haikumlinda. Ilimwacha bila mtu wa kumwambia kitu, na mwisho wake ni wa machozi. Kitabu hicho kilikatazwa shuleni kwa wakati fulani, kisha kikarudishwa. Kwa wanaopenda kucheka, kuna Aya de Yopougon, kitabu cha picha cha mwaka wa 2005. Kimeandikwa na Marguerite Abouet, na picha ni za Clément Oubrerie. Aya ni msichana wa Abidjan anayetaka kuwa daktari, na wanaume wa kartie wanamchosha.

Basi tumepatana hivi. Tusinyang'anye telefone mbele ya kusoma angalau sura moja. Tumuulize mtoto: huyu mwanaume, akikataliwa, anafanya nini? Msichana anaweza kutoka akitaka? Ungependa mdogo wako aolewe naye? Halafu tusikilize mpaka mwisho, hata jibu lisipotufurahisha. Watoto wa kilasi ya saba na ya nane tuwaambie wazi kwamba mapendo ya giza si ya miaka yao, na tuwape kingine mkononi. Pembeni ya barabara kuna vitabu vya okazi kwa mafranga kidogo. Na usiku, telefone zilale chumbani mwa wazazi, za wazazi vilevile.

Yule mama amerudisha telefone. Wanaisoma hadithi pamoja kisha kula, binti akisoma kwa sauti, mama akichambua sombe ya kesho na kugombana na yule mwanaume. Wamefika sura ya 29. Juzi tulimuuliza msichana yule atatoka ao hatatoka. Alitujibu kwamba mwanawe anasema atabaki, yeye anasema akimbie, na mazungumzo yao hayajaisha.

Jumamosi ijayo, saa nane, njooni na kitabu ao hadithi moja anayoisoma mtoto wako. Karanga zitakuwako.