Jino Kulegea, Shavu Kuvimba: Jua Limfoma ya Burkitt

Jino la mtoto wa miaka sita likilegea, mzazi hudhani ni la utotoni linang'oka. Mara nyingi ni kweli. Lakini meno kadhaa yakilegea upande mmoja, taya likivimba, au jicho likisukumwa nje, huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu inayowapata watoto wengi wa kando ya Ziwa Victoria. Kwa wengine hufura tumbo.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama wameuona. Ulipatikana kwenye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria. Mwaka wa 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Karibu kila mtoto wetu hupata virusi hivi bila madhara. Malaria ya mara kwa mara huchangia wachache kupata saratani. Si chira, wala mtoto mgonjwa hawaambukizi wenzake.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Usianze kwa kung'oa meno. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya JOOTRH, ile ambayo wengi Manyatta bado huiita Russia. Huko huchukua seli za uvimbe kwa sindano au kukata kipande kidogo, kisha hupima damu na kupiga picha ya tumbo. Hupima pia maji ya uti wa mgongo, jambo linalowatisha wazazi wengi. Kipimo hicho huonyesha kama saratani imefika kwenye ubongo, na haifai kukikataa.

Tiba ni dawa za kemo, si kisu. Kwa kuwa uvimbe hukua upesi, hunywea upesi pia. Shavu likirudi sawa baada ya siku chache, familia nyingine huondoka, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Kamilisha duru zote. Mtoto akipata homa katikati ya matibabu, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Kinga yake iko chini, na Panadol ya dukani haitoshi.

Beba barua ya rufaa, cheti cha kuzaliwa na nambari yako ya SHA.