Moshi Hauoshi Mtungi

Mada yetu ya leo ni usafi wa mitungi ya maziwa ya ngamia.

Mama mmoja alinijia kliniki na mtoto anayeendesha. Akaniuliza, "Sista, mtungi nautia moshi na maziwa nayachemsha. Kosa langu liko wapi?" Nilimulika ndani ya mtungi wake kwa tochi. Kwenye tundu la mkono kulikuwa na utando wa manjano unaoteleza. Sikuweza kusema kwa yakini kwamba mtungi ule ndio uliomwumiza mtoto, lakini maziwa ya mtu hayafai kupita hapo.

Wazee walitumia dhiil na haan, vyombo vilivyosukwa, wakavifukiza. Moshi ule ni elimu nzuri: hukausha chombo, hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha. Siku hizi tunabeba maziwa kwa mitungi ya plastiki, mingi ikiwa ilitoka na mafuta ya kupikia. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Mafuta ya maziwa hushika ukutani na vijidudu hujificha chini yake. Moshi hupita juu ya uchafu huo bila kuuondoa.

Na kuchemsha je? Chemsha kila mara, maana ugonjwa wa bruselosi hutoka kwa ngamia mwenyewe, hata mtungi ukiwa safi. Lakini baadhi ya vijidudu vya mtungi mchafu hutoa sumu ambayo haiharibiki kwa kuchemsha. Kwa hivyo tunahitaji vyote viwili.

Najua maji ya Eldas ni ya kununua wakati wa kiangazi. Fuata hatua hizi, maji kidogo yanatosha:

1. Mara tu unapomimina maziwa, suuza mtungi kwa nusu lita ya maji baridi. Usianze na maji moto, kwani hugandisha maziwa ukutani.

2. Tia lita moja ya maji ya uvuguvugu na sabuni. Funga, tikisa kwa nguvu, ugeuze kichwa chini ili maji yafike kwenye mkono. Sugua kwa brashi yenye mpini mrefu. Usitumie changarawe wala mchanga: hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Osha kifuniko pia, na mipira yake.

3. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe.

4. Chukua lita moja ya maji yasiyo na tope, utie kijiko kimoja cha chai cha Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Tikisa, iache dakika 5, kisha uimimine kwenye mtungi wa pili uliokwisha kuoshwa, halafu wa tatu. Dawa ya leo isitumike kesho. Usiichanganye na sabuni wala siki.

5. Inamisha mtungi juu ya kichanja, si mchangani, mpaka ukauke kabisa. Hapo sasa ufukize. Moshi ni wa mwisho.

Mtungi uliobeba dawa ya kupe, petroli au mafuta ya taa usitiwe maziwa kamwe, hata uuoshe mara kumi. Mtungi uliokwaruzika sana au unaonuka baada ya kuoshwa, ufanye wa kuchotea maji ya mifugo. Ukijaaliwa pesa, nunua mtungi wa alumini wenye mdomo mpana, unaoingiza mkono.

Kina mama wauzaji, kumbukeni: mtungi mmoja mchafu ukichanganywa na mingine huchachusha mzigo wote kabla haujafika Wajir mjini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya maji ya kuosha.

Mtoto akiendesha, mpe ORS na uendelee kumnyonyesha. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, mlete kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Leo jioni, mulika tochi ndani ya mtungi wako. Tukutane wiki ijayo, inshallah.