Ngonjera Yataka Vinywa Viwili

Wapo wanaodhani kwamba siasa ni hotuba na kura tu, na kwamba ushairi ni pumbao la wenye nafasi. Historia ya Ugogo yawakanusha. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, ndiye aliyeeneza ngonjera, yaani shairi la kujibizana mbele ya watu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tungo za namna hiyo zilighaniwa mashuleni na mikutanoni. Mwenyewe alifariki mwaka 1969, kabla vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA havijatoka.

Nguvu ya ngonjera i katika vinywa viwili: mmoja hudai, mwingine hupinga, nao wasikilizaji hupima. Lakini mara nyingi mpinzani aliumbwa mjinga, apate kushindwa upesi. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, utungo ulipopoteza makali yake.

Twawageukia ndugu zetu wa Bahi, wakulima wa mpunga na wafanyakazi wa reli. Maji ya mfereji yagawanywe vipi? Bei ya gunia aipange nani? Tungeni juu ya hayo, mkampe muulizaji hoja zenye uzito, kisha mghani mbele ya mkutano wa kijiji. Atungaye peke yake hujifurahisha. Watungao pamoja hujenga umoja, kwa kuwa kila mmoja amesikilizwa. Chama kisichostahimili swali la mkulima hakiwezi kumwongoza. Kidole kimoja hakivunji chawa.