Wanaofuga maji: kazi ya walezi wa samaki katika jumba la makumbusho la San Francisco

Asubuhi mapema, kabla ya milango kufunguliwa kwa wageni, kazi ya kwanza ya mlezi wa wanyama wa majini ni kuhesabu. Anapita kutoka kioo kimoja hadi kingine, taa mkononi, mabuti ya mpira miguuni, akitafuta yule ambaye hajaonekana. Samaki mgonjwa hujificha nyuma ya mawe. Samaki aliyekufa usiku huanza kuoza upesi na kuchafua maji ya wenzake. Ndiyo maana hesabu ya asubuhi huja kabla ya chakula, kabla ya usafi, na kabla ya kahawa ya mlezi mwenyewe.

Kazi hii ipo katika inchi nyingi, lakini pahali pazuri pa kuiangalia ni California Academy of Sciences, katika mji wa San Francisco, Marekani. Ni jumba la makumbusho la sayansi ya asili lililoanzishwa mwaka wa 1853. Tangu mwaka wa 1923 lina akwariumu yake, Steinhart Aquarium, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka wa 2008 ndani ya bustani kubwa ya Golden Gate. Majumba mengi ya makumbusho yanatunza ngozi, mifupa na wadudu waliochomwa pini. Hapa mifupa na vitu vilivyo hai viko chini ya paa moja. Tangi la matumbawe peke yake lina maji karibu lita 800.000 na kina cha zaidi ya mita 7, hata wasafishaji wake wanapaswa kuvaa vifaa vya kuzamia.

Watu wa kazi hii hupenda kusema kwamba wao hawafugi samaki, wanafuga maji. Si mzaha. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale. Uchafu wake unageuka kuwa amonia, na amonia ni sumu. Katika ziwa kama Kivu maji ni mengi mno, hayo hayaonekani. Katika kioo, kinachookoa samaki ni bakteria wanaoishi ndani ya mchanga na vichujio. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo bado ni sumu. Kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana, ambayo mlezi anaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa ili waongezeke, kwa hiyo mtu anayejaza kioo kipya kwa samaki siku ya kwanza anawaua. Maji ya bomba nayo hayatiwi hivi hivi, kwa sababu dawa ya klorini inayotulinda sisi na kipindupindu inaunguza matamvua ya samaki na kuua wale bakteria.

Umeme ukikatika, mashine za kusukuma maji zinasimama, oksijeni inapungua, bakteria wanaanza kufa, na saa chache zinatosha kwa hasara ambayo haiwezi kurudishwa. Msomaji wa Bukavu au Goma hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini akwariumu kubwa haiwezi kuishi bila jenereta.

Mzee aliyefika kwa meli

Kati ya wakaaji wote wa Steinhart, mwenye heshima kubwa ni samaki mmoja mwenye urefu wa karibu mita 1,2 na uzito wa kilo 18 hivi. Anaitwa Methuselah, jina la yule mzee wa Biblia aliyeishi miaka 969. Alifika San Francisco kwa meli mwaka wa 1938 akitokea Australia, pamoja na samaki wengine 231 wa Australia na Fiji. Wale wengine wote walikufa zamani. Yeye bado alikuwa anaogelea mwaka wa 2023, wakati wataalamu walipochukua kipande kidogo sana cha pezi lake ili kupima umri wake kwa njia ya ADN. Jibu lilikuwa kwamba ana miaka 92 hivi, na huenda akawa amefikisha 101.

Methuselah ni samaki mwenye pafu. Anaweza kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi wakati maji yanapokosa oksijeni. Ana ndugu zake hapa Afrika: wale wanaoitwa nzombo kwa Kilingala ni wa ukoo huo, ila wao wana mapafu mawili na wengi wao wanaweza kujizika katika matope kiangazi kinapokuja. Yule wa Australia ana pafu moja tu, na hajiziki.

Kumlea mzee wa namna hii ni kazi ya kujua tabia. Anakula minyoo, uduvi na vipande vya samaki, lakini anachopenda zaidi ni tunda la tini. Tena liwe bichi, la msimu wake. Likitoka katika friji ya barafu, analikataa. Walezi wake wameeleza pia kwamba anapenda kupapaswa tumboni. Hata jinsia yake haikujulikana kwa hakika muda mrefu, maana kwa nje dume na jike wanafanana. Walezi waliamua tu kumwita jike.

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani kupoteza mshahara kwa kumpapasa samaki. Mlezi anayemgusa kila siku ndiye atakayesikia kwa vidole uvimbe mpya, kidonda, au kwamba mnyama amekonda. Samaki hana kilio. Na mnyama aliyezoea mkono anaweza kupimwa bila kukamatwa kwa nguvu, jambo ambalo kwa samaki wa miaka 90 linaweza kuwa mwisho wake. Kumpata mwingine mahali pake si rahisi: huko Australia jamii hiyo imo hatarini kwa sababu ya mabwawa yaliyojengwa katika mito ya Queensland, na biashara yake inabanwa na sheria za kimataifa.

Kidole cha Claude

Si kila hadithi ni ya amani. Mwaka wa 2008 jumba hilo lilipokea mamba mweupe wa Marekani, Claude, aliyezaliwa bila rangi ya ngozi. Wanyama wa namna hiyo hawaoni vizuri, na porini hawadumu. Aliwekwa pamoja na jike mmoja mwenye rangi ya kawaida, Bonnie. Claude alikuwa akimgonga kwa kuwa hamuoni. Siku moja Bonnie alikasirika, akamng'ata. Kidole kimoja cha Claude kililazimika kukatwa, na Bonnie akarudishwa Florida. Tangu hapo mamba huyo aliishi na kasa tu, akawa kipenzi cha watoto wa mji mzima, hadi alipokufa Desemba 2025 akiwa na miaka 30.

Kuamua nani aishi na nani ni sehemu ngumu ya kazi hii, na haionekani na mgeni aliyelipa tiketi yake. Ndivyo ilivyo pia kwa pengwini wa Afrika wanaoishi katika jumba hilo. Asili yao ni pwani za Afrika Kusini na Namibia, ambako wamepungua sana, hata mwaka wa 2024 wakawekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Kila mmoja ana alama kwenye bawa lake, na mlezi anaandika amekula samaki wangapi. Vitamini hufichwa ndani ya matamvua ya samaki wanaolishwa, kwa sababu samaki akikaa katika barafu anapoteza sehemu ya vitamini B1. Makinda yanapitia kile wanachokiita shule ya samaki: wanafundishwa kuogelea na kula kutoka mkononi kabla ya kuingizwa kati ya wakubwa. Nani atamzalisha nani haiamuliwi na jumba moja, bali na mpango wa pamoja wa bustani za wanyama, ili ndugu wasioane.

Moba na Kapampa ndani ya vioo vya ugenini

Hapa habari inarudi kwetu. Mtu akiingia katika akwariumu nyingi za Ulaya na Marekani, au hata katika maduka ya samaki wa mapambo, atasoma majina ya vijiji vya Kongo. Kuna samaki mwenye nundu kichwani na mistari ya bluu, frontosa, ambaye wafugaji wanamtambua kwa pwani alikotoka: huyu wa Moba, yule wa Kapampa. Ni samaki wa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1.470, ambalo lina jamii zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Biashara ya kuwapeleka ng'ambo ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa anawasafirisha kutoka Burundi. Mmoja wa samaki hao, *Neolamprologus brichardi*, ana jina lake.

Kuwalea si mchezo. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, pH yake inakaribia 9, na joto lake juu ni nyuzi 25 na kuendelea. Mlezi wa Chicago au Berlin anapaswa kuyatengeneza maji hayo kwa chumvi za madini, kisha ayashikilie hivyo hivyo mwaka mzima. Frontosa wanaokamatwa vilindini wanapandishwa polepole, kwa hatua, la sivyo mfuko wao wa hewa unavimba na kuwaua. Wapo wengine, *Tropheus*, wanaokwangua mwani juu ya mawe. Ukiwapa chakula chenye nguvu nyingi kwa kudhani unawahurumia, matumbo yao yanavimba na kundi zima linaweza kwisha katika siku chache. Jike wa jamii hiyo hubeba mayai na watoto mdomoni karibu mwezi mzima. Na kuna wale wadogo kabisa ambao nyumba yao ni ganda tupu la konokono, kwa hiyo mlezi wao anawanunulia maganda.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua mukeke na ndakala kwa sababu ya sahani. Wale wa mawe, ambao hawana nyama ya kutosha, tunawapita. Binafsi naona ni ajabu kwamba mtu wa mbali anaweza kutofautisha samaki wa Moba na wa Kapampa kwa macho, na mwenyeji wa Uvira hajawahi kuambiwa kwamba wapo.

Hatari ya kutojua tuliiona kwa jirani. Katika ziwa Viktoria, sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980, samaki wadogo wanaoitwa furu, wenye jamii mamia, walikuwa wameporomoka. Wengine hawajaonekana tena. Wanasayansi waliwahi kuwachukua baadhi yao wakiwa hai na kuwagawa kwa akwariumu za Ulaya na Amerika. Kwa hiyo kuna walezi ambao vioo vyao vina samaki wasiojulikana kuwepo mahali pengine popote. Kwa mlezi wa namna hiyo, kichujio kilichoziba usiku wa Jumapili ni jambo kubwa kupita mshahara wake.

Mlango unafungwa, kazi haifungwi

Machi 2020, virusi vya Korona vilipofunga miji, California Academy of Sciences nayo ilifunga milango yake. Wageni walirudi nyumbani, na pesa za tiketi zikakoma. Walezi hawakuweza kukaa nyumbani. Huko Chicago, kwenye Shedd Aquarium, waliwatoa pengwini watembee katika vyumba vitupu, na dunia nzima ikacheka kwenye simu. Kwa walezi, yale yalikuwa pia mazoezi ya kuwachangamsha wanyama wasioona watu tena.

Kijana anayetamani kazi hii ajue mapema kwamba mikono inalowa kutwa nzima. Ndoo ni nzito, mifuko ya chumvi ni mizito zaidi, na harufu ya samaki inakufuata ndani ya basi. Kuna bakteria anayeingia kwenye mchubuko wa mkono na kuacha vidonda vya miezi. Kuna samaki wenye miiba ya sumu. Sikukuu hazipo, kwa kuwa samaki hawajui Noeli. Wengi wanaoajiriwa wamesoma biolojia, wana cheti cha kuzamia, na walianza kwa kujitolea bila malipo. Mshahara wenyewe, kwa mji ghali kama San Francisco, si wa kuonewa wivu.

Kwa upande wetu, masomo yenyewe hayako mbali sana. Uvira ina kituo cha utafiti wa hidrobiolojia, CRH. Lwiro ina kituo cha utafiti wa sayansi ya asili chenye mikusanyo ya wanyama na mimea. Huko Bukavu, chuo cha ISP kina kitengo cha hidrobiolojia, UERHA, ambacho kimechunguza samaki wa Kivu, wakiwemo sambaza walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanafunzi wa huko anajifunza kupima joto, pH na oksijeni, kumfungua samaki aliyekufa ili kujua alikula nini, na kuandika kila kitu katika daftari pamoja na tarehe na saa. Ni vipimo vile vile ambavyo mlezi wa Steinhart anavichukua asubuhi baada ya kumaliza kuhesabu.