Kibati: wauguzi wetu wafundishwe kupasua jipu na kushona vidonda

Hapa Kibati, kwenye njia ya Rutshuru, watu wengi tunakula kwa mikono na miguu yetu. Kuna wanaovunja mawe ya volkano, kuna wanaosukuma chukudu za makala na mbao, kuna wanaolima kati ya mawe yanayokata kama chupa. Sisi wa sendika ya wachimbaji, kila tukipita kwenye machimbo, malalamiko ya afya ni yale yale: kidonda, jipu, kipande cha jiwe ndani ya kidole, ukucha uliooza, funza.

Ni mambo ya ngozi tu, watu wanasema. Lakini siku tatu bila kazi ni siku tatu bila chakula nyumbani. Na tena, jambo dogo linaweza kukua. Mwenzetu mmoja aliingiwa na kipande cha jiwe kwenye kidole. Kwenye kituo kimoja cha afya walimpa vidonge na kumwambia: "Shuka Goma." Feza ya moto haikuwepo. Jirani akampasua kwa wembe. Alipofika lopitali, kidole kilikuwa kimekwisha oza, wakakikata. Sasa hawezi tena kushika nyundo sawasawa.

Hatusemi muuguzi ni mubaya. Wauguzi wengi, wa A2 hata wa A1, walisoma kupasua jipu kwenye daftari, wakatazama daktari akifanya, lakini wao wenyewe hawakushika kisu mara nyingi. Mtu asiyezoea anaogopa, na ni haki yake kuogopa. Dawa ya woga huo ni mafunzo ya mikono.

Kazi yenyewe si nyingi. Jipu: kuchoma dawa ya ganzi (xylocaïne) kwa kipimo cha uzito wa mtu, kungoja ishike, kupasua pale palipolainika, kutoa usaha wote, kuosha, na kuacha wazi na kitambaa safi. Jipu halishonwi. Kidonda cha mawe: kuosha kwa maji safi mengi mpaka punje zote nyeusi zitoke, kushona kama ni kipya na kisafi tu, na kuuliza chanjo ya pepopunda. Pia kuna kutoa kitu kilichobaki ndani ya nyama, kutibu ukucha unaoingia, na kukata kipande kidogo cha ngozi ili kipimwe katika maabara.

Hilo la mwisho tusilidharau. Kwa sisi watu weusi, kansa ya ngozi ile nyeusi inapenda kujificha chini ya unyayo na chini ya kucha. Doa jeusi linalokua pale si la kuchomwa wala kukwanguliwa.

Muuguzi aliyefundishwa vizuri anajua pia wakati wa kutokata. Uvimbe unaodunda kama moyo, usaha ulioingia kiganja, mgonjwa wa sukari mwenye mguu mweusi: hao wapelekwe haraka. Na malengelenge ya mpox hayapasuliwi. Yanachukuliwa majimaji kwa kijiti, na glavu mkononi. Mwaka 2024 ugonjwa huo ulipoingia kambi za wakimbizi za Nyiragongo, tuliona faida ya muuguzi anayejua kusoma ngozi. Chanjo yenyewe ilianza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba mwaka huo.

Kuna wanaouliza: kweli asiye daktari anaweza? Twende kuangalia Moshi, Tanzania. Tangu mwaka 1992, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha waganga wasaidizi na wauguzi magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika, na wakimaliza wanarudi kutibu kwao. Kituo hicho kimefanya kazi kubwa kwa watu wenye ualbino, ambao jua linawaletea kansa ya ngozi. Sisi hatuombi miaka miwili. Tunaomba siku chache za kazi ya mikono: kwanza kushona mguu wa nguruwe kutoka kwa mchinjaji, kisha wagonjwa, daktari akiwa kando.

Mafunzo peke yake hayatoshi. Inatakiwa visu, uzi, glavu, ganzi, na sufuria ya mvuke ya kuua vijidudu, sababu kisu kisichochemshwa vizuri kinaweza kuleta hepatiti na SIDA. Daktari wa lopitali apande kila mwezi kuangalia daftari na vidonda.

Nani alipe? Code du travail ya 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake. Lakini mvunja mawe anayejitafutia hana mwajiri. Kwa hiyo Leta itoe mafunzo, na koperative za machimbo, ambazo zinakata feza kila siku, zinunue vifaa. Tutaweka neno hili mbele yao kwenye kikao kijacho, na tunaomba zone de santé ije isikilize.

Na ninyi wenzetu: kidonda cha asubuhi kipelekwe mchana, kisingojee kesho kutwa. Wembe wa jirani ni wa kunyolea ndevu.