"ALTHOUGH" NA "BUT" HAZIKAI PAMOJA

Mwaka jana kaka yangu alifanya mtihani wa IELTS ili akasome Uingereza. Chuo kilitaka 6.5 kati ya 9, akapata 6. Robo ya maksi za kuandika hutegemea mpangilio wa mawazo, viunganishi vikiwemo. Nilipopekua daftari lake la mazoezi nikakuta: "Although it rained, but we went." Sisi husema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda," na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hutaka kimoja tu: ama "although" ama "but". Tena usianze kila sentensi na "moreover" ukidhani unapamba; chumvi ikizidi, mchuzi hauliki. Wenzangu, tujisahihishe mapema. Maji yakimwagika hayazoleki!